Ndoo iko wapi? Shajara ya kupanga upya vitabu vya Gredi ya Pili

Jumanne, 6 Mei

Leo nimetoa kila kilichomo kabatini nikakitandaza mkekani. Vitabu 213 vya Kiswahili, mende watatu, na ndara moja ya mtoto ambaye nadhani sasa yuko gredi ya tano. Vile vya Tusome, mradi wa taifa wa kufundisha kusoma, vilivyoanza kuletwa mashuleni 2015 kila mtoto na chake, sikuvihesabu. Hivyo vina ratiba yake. Ninavyovishughulikia ni vya hadithi, vile ambavyo mtoto akimaliza kazi mapema namwambia "nenda kachukue kitabu", kisha nageukia ubao bila kujua amechukua nini.

Kilichonitia katika kazi hii ni jambo nililoliona muhula uliopita. Mtoto anachukua kitabu, anatazama picha ya kwanza, ya pili, anakirudisha. Anachukua kingine. Dakika kumi zinakwisha, vitabu sita vimepita mikononi mwake na hajasoma neno. Nikadhani ni uvivu. Siku moja nikamketisha mmoja wao kando yangu, nikamwambia anisomee hicho alichokishika. Hakuvuka mstari wa kwanza. Jaladani kimeandikwa Gredi ya 2, naye ni wa gredi ya pili, kwa hiyo mimi, kabati na mchapishaji sote tulikuwa tumemhesabia kwamba anafaa.

Nimejipa muhula huu mmoja. Nataka mtoto akinyoosha mkono kabatini atoke na kitabu anachokiweza. Mwalimu mkuu amekubali, kwa sharti nisimwombe pesa.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeanza na watoto kabla ya vitabu. Wako 46. Nawaita mezani mmoja mmoja, wengine wakichora. Ngazi ninazotumia ni zile za Uwezo, upimaji wa kusoma wa watoto ambao Kenya tumeuzoea tangu 2009: silabi, maneno, aya, hadithi. Mtoto anapanda mpaka pale anapokwama. Mwepesi anamaliza kwa dakika mbili. Mwenye haya anataka dakika tano, na tatu kati ya hizo ni za kumbembeleza afungue mdomo.

Nimemaliza leo saa sita, koo limekauka: 9 wako kwenye silabi, 14 maneno, 15 aya, 8 hadithi. Darasa moja, mwalimu mmoja, sare moja, na baina ya wa kwanza na wa mwisho kuna safari ya miaka.

Jumatatu, 12 Mei

Mwenzangu wa gredi ya tatu alinionyesha njia ya vidole vitano. Mtoto afungue ukurasa wa katikati, asome, na kila neno likimshinda akunje kidole. Vikikunjika vyote kabla ukurasa haujaisha, kitabu kizito. Ni njia nzuri kwa mtoto anayejua kwamba hajui. Kwangu, mmoja alikunja kidole kimoja tu kwa kuona aibu, mwingine akakunja vitano kwa raha zake ili apewe kile chenye picha za magari. Wa tatu akaniuliza, "Ticha, nikikunja vyote nitashikaje kitabu?" Swali la haki kabisa.

Nimerudi kwa tulichofundishwa kwenye mafunzo ya ualimu, njia ya Marie Clay wa New Zealand: mtoto anasoma, mimi kimya naweka alama kwa kila neno. Katika maneno 100, akipatia 95 au zaidi, kitabu hicho aende nacho peke yake. Kati ya 90 na 94, kinamfaa mimi nikiwa ubavuni. Chini ya 90, tukiweke. Tabu ni kwamba vitabu vyetu vingi vya watoto havifikishi maneno 100 kwa jumla, na watoto ni 46. Kwa hiyo nachukua maneno 20. Kosa moja, chake. Mawili, akae nami. Matatu, tubadilishe. Hesabu inabaki ile ile na nusu saa ya asubuhi inatosha watoto saba.

Jumatano, 14 Mei

Leo nimekosea vizuri.

Nilianza kuvipanga vitabu kwa idadi ya maneno katika ukurasa, kama vinavyopangwa vya Kiingereza. Maneno machache, chepesi. Mengi, kizito. Kufikia saa nne nilikuwa na mafungu manne yaliyonyooka, nikajipongeza kwa chai. Baada ya mapumziko nikampa mmoja wa wale tisa wa silabi kitabu kutoka fungu la chini kabisa. Ukurasa una sentensi moja, ya maneno matatu:

Hawakumwambia aliyewanunulia viatu.

Alianza "ha... wa... ku...", akafika "mwa", akarudi nyuma kuitafuta "ha" yake, akaikosa. Nilimwona midomo ikitembea. Alipolimaliza neno la pili alikuwa ameshasahau kuna la kwanza. Kisha nikampa ukurasa kutoka fungu la pili, nililoliona zito zaidi:

Baba ana bata. Dada ana paka. Kaka hana.

Akasoma, akacheka, akataka kujua kwa nini kaka hana.

Nikakaa nikahesabu. Sentensi ya viatu ina maneno matatu na silabi 17. Ile ya bata ina maneno manane na silabi 16. Kumbe mzigo ni ule ule, ila mmoja umefungwa katika furushi tatu na mwingine katika furushi nane, na mtoto mdogo anabeba furushi moja moja. Kiswahili kinapakia ndani ya neno moja nani, lini, nani tena, na kwa ajili ya nani. Kiingereza kinazitandaza mezani kila moja na sahani yake. Ndiyo maana hata vipimo vya usomaji vinavyotumika Kenya havifanani: msomaji hodari wa Kiswahili anatarajiwa maneno 45 kwa dakika, wa Kiingereza 65. Hiyo 45 nilikuwa nikiijua miaka yote, sikuwahi kuiuliza imetoka wapi.

Kwa hiyo mafungu nimeyavunja, naanza upya kwa silabi. Natafuta neno refu kuliko yote kitabuni na kulihesabu kwa kupiga makofi, pole pole, mlango nimefunga. Fungu la kwanza: neno refu halizidi silabi tatu, na silabi nyingi ni konsonanti moja na irabu moja. La pili: silabi nne, na miambatano ambayo wameshaifanya ubaoni, mb, nd, ny, sh, ch. La tatu: silabi tano kwenda mbele, na zile za kutatiza kama mbw, njw, dh, gh, na ng' iliyosimama jirani na ng, ng'ombe na ngoma katika ukurasa mmoja. La nne: aya kamili, mazungumzo, mtoto akae nacho siku mbili.

Wameniponza pia wale wa m inayosimama peke yake. Mtoto, mkate, mtu. Hiyo m ni silabi nzima ila haina irabu ya kuegemea, na watoto wangu kadhaa wanaipa u: mutoto, mukate. Hilo halinisumbui, lakini kitabu chenye m kumi katika ukurasa sikitii fungu la kwanza hata kama maneno yake ni mafupi.

Alhamisi, 15 Mei

Kipimo changu kimepata mtihani wake wa kwanza mapema. Kuna kitabu cha wanyama wanaotumbukia kisimani, na kila ukurasa unamalizia kwa "akatumbukia". Silabi sita. Kwa hesabu yangu kiende fungu la tatu. Lakini neno lenyewe linarudi kurasa zote, na kufikia mnyama wa nne watoto wa silabi wanalipigia kelele kabla hawajaliona. Nimekishusha fungu la pili na kuandika penseli ndani ya jalada: neno gumu moja, linarudiwa. Nitaviangalia tena vyote vyenye kibwagizo.

Jumatatu, 19 Mei

Hii nataka niiandike kwa urefu kwa sababu imenibadilisha namna ya kuweka alama.

Binti wa dirishani ni mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa, na Kimvita chake, lahaja ya mji huu, hakijaguswa na redio. Leo zamu yake. Kitabu cha fungu la kwanza, picha ya msichana mlangoni akimpungia paka mkono. Maneno: "Njoo, paka! Njoo ndani." Akasoma bila kusita:

"Ndoo, paka! Ndoo ndani."

Nikaweka alama ya kosa. Nikaweka ya pili. Pembeni yake amekaa jirani yake wa dawati, ambaye wazazi wake wametoka Ukambani na kwao huzungumza Kiswahili cha bara. Akainama juu ya picha, akaitazama chini ya mlango, nyuma ya paka, kisha akaniuliza kwa wasiwasi wa kweli:

"Ticha, ndoo iko wapi?"

Binti akamgeukia kama aliyetukanwa. "Si ndoo ya maji! *Ndoo!*" Na akampungia mkono, hivi, kama yule msichana wa pichani.

Ukimsikiliza vizuri, ndoo zake ni mbili. Ya maji ulimi unagonga ufizi. Ya kuita ulimi uko menoni. Yeye hakuchanganya chochote. Ameziona herufi n na j, akajua ni neno gani, akalitamka kama mamake anavyomwita kila jioni. Kwao njia ni ndia, njaa ni ndaa, macho ni mato, kucheza ni kuteza. Aliyekuwa anakosea ni mimi na kalamu yangu.

Nimerudi kwenye karatasi zangu za wiki mbili. Watoto wanne wenye Kimvita nilikuwa nimewapanga chini ya walipostahili, mmoja wao kwa alama tano ambazo zote ni ch iliyosomwa t. Nimewapandisha. Kuanzia leo, neno likitamkwa kwa lahaja ya nyumbani na maana yake ikabaki palepale, si kosa la kusoma. Naandika herufi k ndogo pembeni nijue. Neno likipoteza maana, hata likitamkwa kwa sanifu safi, ni kosa.

Mwenzangu wa gredi ya tatu hakukubaliana nami. "Mtihani hautamsamehe, dada." Ana haki, na kwa kuandika nawasahihisha: anayeandika ndoo kwa kumwita paka namrudishia daftari. Lakini sasa namchagulia kitabu, sisahihishi imla. Nikimpa kitabu cha chini kwa sababu ya ulimi wake, nimemwadhibu kwa kuzaliwa Kuze, mtaani kwao Mji wa Kale. Na kuna kejeli ndogo hapa: mkutano wa 1928 ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa. Tuliwakaribisha wageni, wakaondoka na uamuzi wa kutuacha nje.

Ijumaa, 23 Mei

Sanduku la msaada kutoka Uingereza, lililokaa nyuma ya mlango tangu kabla sijahamia shule hii, nimelifungua. Vitabu 64 vya Kiingereza, karatasi nzuri, vimepangwa kwa viwango kwa ustadi ambao sisi bado. Na karibu nusu yake kuna theluji. Mtoto anajenga mtu wa theluji, babu anazoa theluji, paka ameogopa theluji. Mtoto wangu anaweza kulisoma neno lenyewe na bado asiwe amesoma kitu. Nimebakisha 20, vya wanyama, vya kuhesabu, vya watoto wanaogombana na ndugu zao.

Lakini nisijitie ubora. Kabati letu nalo lina hadithi za lifti na za mgeni anayeshuka kwenye treni asubuhi yenye umande wa baridi. Watoto wa hapa Kisauni wanaijua feri, tuktuk, mkunazi wa jirani. Mtoto mmoja wa silabi, ambaye "mbili" humshinda, leo amesoma "mahamri" kwa mara moja, bila kukata. Nimeuliza amejuaje. "Imeandikwa kwa Mama Mbaazi." Kibandani, ukutani, kwa rangi nyekundu, mahamri na mbaazi, naye hupita hapo kila siku akiwa na njaa. Nimeongeza safu katika daftari langu: je, kitu chenyewe anakijua? Ikiwa anakijua, namruhusu apande fungu moja.

Jumanne, 27 Mei

Mambo ya macho. Fupi.

Vitabu vitatu vina maandishi meupe juu ya picha ya usiku. Vimeondoka fungu la kwanza. Viwili vina ile a yenye kofia na g yenye matumbo mawili. Sisi ubaoni tunaandika a ya duara na g ya mkia. Anayesoma vizuri haoni tofauti, wa silabi anasimama kama aliyekutana na mgeni. Navyo nimevipandisha.

Na hili la kukata neno mwisho wa mstari. "Mama akawapi-" halafu chini "kia wali." Watoto wawili, kwa nyakati mbalimbali, wamesoma, "Mama aka... wapi?" na kunitazama wakingoja nijibu Mama yuko wapi. Sijui nani anayeamua kukata maneno katika kitabu cha mtoto wa miaka saba. Kila nikiona kistari hicho nakiandika neno zima kwa kalamu pembeni, na kitabu kinapanda.

Jumatano, 28 Mei

Hesabu imekamilika. Fungu la kwanza 31, la pili 52, la tatu 88, la nne 42.

Nimezitazama tena namba hizi jioni nikingoja matatu Kongowea. Watoto 23, nusu ya darasa, bado wako silabi na maneno, na vitabu vyao rahisi ni 31. Si haba, mtu atasema. Lakini hivyo 31 ni hadithi nne tu zilizorudiwa, nakala saba saba na nane nane. Mtoto anayeanza kusoma anazimaliza kati ya Jumatatu na Alhamisi. Ijumaa anapanda fungu asiloliweza au anatazama picha. Kile nilichokiita uvivu muhula uliopita kilikuwa ni Ijumaa yake.

Na najua ilikotoka hali hii, maana nimekaa kwenye vikao vya kununua. Tunaposhika kitabu chembamba chenye maneno 40 na kinene chenye maneno 900, na bei zinakaribiana, mkono unakwenda kwa kinene. Tunanunua kwa ratili.

Jumanne, 3 Juni

Jana tulikuwa nyumbani, sikukuu ya Madaraka iliangukia Jumapili. Nilitumia siku kubandika selotepu za rangi migongoni: nyekundu la kwanza, njano la pili, kijani, buluu. Leo asubuhi kabati limependeza kama duka la leso la Biashara Street.

Kufikia saa tano limeharibika. "Wewe ni nyekundu!" Nimeisikia mara tatu. Mvulana mmoja wa nyekundu alichukua kitabu cha buluu, akakificha ndani ya daftari na kukaa nacho saa nzima, kichwa chini, hajageuza ukurasa. Nilimwacha. Ningemnyang'anya ningemalizia kazi waliyoianza wenzake.

Baada ya shule nimezibandua zote. Imenichukua muda kuliko kuzibandika, na jalada moja limetoka na rangi yake.

Alhamisi, 5 Juni

Nusu ya darasa hawapo, kesho Idi. Waliokuja wana hina mikononi na akili haipo. Hakuna lililofanyika isipokuwa mpangilio mpya: makapu manne ya ukili, moja kwa kila fungu, nimeyapa majina ya vitu vya baharini: kaa, pweza, kasa, chewa. Hakuna mkubwa wala mdogo kwa kutazama. Kila mtoto ana kadi yenye makapu mawili anayoruhusiwa, la kwake na moja zaidi la hiari. Wa chewa nimewawekea kaa liwe la pili lao makusudi, ili kaa lisiwe na wenyewe. Tutaona wiki ijayo.

Jumatano, 11 Juni

Hadithi nne haziwezi kulisha watoto 23. Kwa pesa za shule tunanunua vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala, na pesa hizo hazipo hadi mwakani. Kwa hiyo nimeingia African Storybook, ule mradi wa hadithi za bure ulioanza Afrika Kusini 2014. Hadithi zake zina leseni huria, unaruhusiwa kuchapa na kugawa, na zimepangwa kwa viwango vitano kuanzia maneno ya kwanza hadi za kusomewa. Nazo nimezipitisha kwenye silabi zangu. Kiwango chao cha kwanza mara nyingine ni fungu langu la tatu, hasa pale hadithi ilipozaliwa kwa Kiingereza na kuvuka kuja Kiswahili: sentensi ilikuwa fupi huko, ikafika kwetu neno moja lenye silabi saba. Katika hadithi 30 nilizosoma usiku huu wa jana nimepata 11 za kaa.

Nimezipeleka kwa kijana wa kopi, shilingi tano ukurasa, pesa yangu. Amefanya kazi ya haraka na safi, na vijitabu vyote vya hadithi tatu za kwanza amevipiga pini upande wa kulia. Vinafunguka kutoka kushoto. Nilitaka kulia. Hakuna muda wa kurudi, nikavigawa hivyo hivyo nikijiandaa kwa vurugu.

Vurugu haikuja. Watoto wanaokwenda chuoni jioni, yaani madrasa, walivipokea na kuvifungua bila kuuliza, kama wanavyofungua juzuu. "Hiki cha kama chuoni, Ticha." Waliotatizika ni wale wasiosoma chuo, na wenzao wakawaonyesha. Mistari yenyewe wote waliisoma kutoka kushoto, hakuna aliyepotea. Nimegundua pia nilikuwa nawadharau watoto hawa: anayejua kuunganisha be na irabu tatu zake kwa Kiarabu hafiki kwenye ba be bi bo bu akiwa mtupu. Wawili katika wale tisa wa silabi hawakuwa na tatizo la kuunganisha hata kidogo, walikuwa wakichanganya maumbo ya herufi b na d tu. Hawahitaji vitabu vyepesi zaidi, wanahitaji wiki moja ya b na d.

Jumatatu, 16 Juni

Bibi wa mmoja wa wavulana wa kaa amekuja, buibui limepigwa pasi, uso wa kesi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuuliza. Dadake akiwa gredi hii alileta kitabu kinene hivi. Huyu analeta kikaratasi. Shule imepunguza?"

Sikumweleza mambo ya silabi. Nilimwita mjukuu, akasimama baina yetu na kijitabu chake cha kurasa nane, akasoma mwanzo mpaka mwisho. Bibi hasomi hati hizi zetu, ila amehitimu zake za Kiarabu zamani, na alikuwa akifuata kidole cha mtoto kikitembea, akingoja kisimame. Hakikusimama. Mtoto alipomaliza, bibi alichukua kijitabu akakigeuza nyuma na mbele.

"Dadake hakuwa akisoma kile kinene," akasema. "Alikuwa akikibeba."

Kisha, mlangoni: "Lakini kesho mpe kirefu kidogo."

Nimemwekea cha pweza mkobani, kirefu kwa kurasa nne.

Alhamisi, 19 Juni

Vinene navyo vimepata kazi. Masikio ya watoto yako mbele ya macho yao. Hadithi ambayo hawawezi kuisoma wanaweza kuisikiliza na kuulizana juu yake siku tatu. Nimetoa 12 katika zile 42 za chewa, ziko mezani kwangu, nawasomea dakika kumi kabla ya kwenda nyumbani. Humo ndimo maneno makubwa yanamoingia. "Aliyewanunulia" wameshaisikia sasa. Wakikutana nayo kwenye karatasi haitakuwa mgeni.

Ijumaa, 4 Julai

Tumerudi kutoka likizo fupi, nimewapima tena wote 46. Silabi 4, maneno 12, aya 17, hadithi 13. Sitaandika kwamba ni kazi ya makapu. Katikati kuna masomo ya kila siku, kuna wiki ya b na d, kuna watoto ambao wangepanda hata ningewapa gazeti. Wanne waliobaki kwenye silabi nitawaona na wazazi wao. Mmoja nashuku macho, hushika kitabu karibu kama anakinusa.

Kipimo ninachokiamini zaidi nimekikuta kwenye makapu yenyewe. Kaa limechakaa: pembe zimekunjika, vijitabu vinne havina jalada, kimoja kina alama ya meno. Pweza linafuata. Chewa ni safi, karatasi bado zinanukia duka. Nimeyabeba la kaa na la chewa hadi ofisini na kuyaweka mezani bila maneno mengi. Mwalimu mkuu alikifungua kile cha alama ya meno, akauliza vinauzwa bei gani vyembamba vya namna hii. Sikumwomba pesa, sharti ni sharti, nimemwachia orodha.

Mvulana wa selotepu ya buluu sasa yuko aya. Anachukua vyake vya kasa na kila siku kimoja cha pweza, cha hiari, kile cha wanyama kisimani.

Kazi za wiki ijayo: kuvishona upya kwa uzi vijitabu vya pini za kulia, maana pini zinashika kutu kwa hewa hii ya bahari. Kumtafuta fundi wa bawaba ya kabati. Na kile cha njoo-paka kimepoteza ukurasa wa mlangoni, ule wenyewe. Binti wa dirishani amejitolea kuuchora. Jirani yake amemwomba, safari hii, aitie na ndoo.